Kiambishi Kinapopotosha: Utoaji wa Majina ya Vigeu katika Programu za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna waandishi wa programu za kompyuta wanavyounda majina ya vigeu. Kigeu ni nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta inayohifadhi thamani fulani, na mwandishi huipa jina alilolichagua mwenyewe. Kwa mashine jina lolote latosha. Kwa mtu atakayeirekebisha programu hiyo miaka kumi baadaye, jina ndilo mwongozo wake wa kwanza. Tunadai kwamba kiambishi katika jina hufaa kinapobeba maana ya kitu, na hupotosha kinapobeba umbo lake tu.

2.0 Viambishi vya Simonyi

Utaratibu uliojadiliwa sana ni ule wa Charles Simonyi, mzaliwa wa Budapest, aliyejiunga na kampuni ya Microsoft mwaka 1981. Utaratibu huo uliitwa wa Kihangaria. Nao Wahangaria hutanguliza jina la ukoo. Kila jina hutanguliwa na herufi chache zinazotaja aina ya kitu. Tazama mifano ifuatayo:

(1) rwFirst
(2) colFirst

Katika (1), rw huonyesha safu mlalo ya jedwali. Katika (2), col huonyesha safu wima. Kwa mashine vyote viwili ni namba kamili, hivyo kimoja kikiwekwa mahali pa kingine haitalalamika. Jicho la msomaji ndilo litakalogundua kosa. Hapa kiambishi kinafanya kazi ambayo mashine haiifanyi.

3.0 Kiambishi Kinapoachwa Nyuma

Hata hivyo, waandishi wengi walilielewa neno "aina" kuwa ni ukubwa wa data. Mfano mashuhuri ni huu:

(3) wParam

Katika Windows ya biti 16, w ilionyesha thamani ya biti 16. Windows NT ilipotolewa mwaka 1993, kigeu hicho kilikuwa na biti 32. Katika Windows ya biti 64 kina biti 64. Jina halikubadilika, kwani lilikwisha kuenea mno.

Hali hii si ngeni kwa mwanaisimu wa Kiswahili. Linganisha:

(4) Kiongozi amefika.
(5) *Kiongozi kimefika.

Nomino imebaki na umbo la ngeli ya KI-VI, ilhali upatanisho umefuata maana, yaani uhai. Tofauti ni kwamba katika (4) kiambishi a- humwongoza msikilizaji papo hapo. Mfano (3) hauna upatanisho wa namna hiyo. Msomaji hana budi kutafuta mahali kigeu kilipotangazwa. Akiiamini w na kuihamishia thamani hiyo katika nafasi ya biti 16, sehemu yake yaweza kupotea, na huenda asijue.

4.0 Hitimisho

Miongozo ya Microsoft kuhusu .NET ilikuja kuwakataza waandishi kutumia viambishi vya Kihangaria. Kwa maoni yetu, kasoro haikuwa katika uambishaji wenyewe, bali katika kilichoambikwa. Mwanafunzi anayetunga majina kwa Kiswahili, kama vile urefuMita na urefuFuti, anahifadhi habari ambayo namba peke yake haiisemi. Na ajiulize kila mara: kitu hiki kikibadilika umbo kesho, je, jina lake litaendelea kusema kweli?