Mafuta Yakimwagika Baharini, Nani Anapigiwa Simu?

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Jografia, kidato cha pili, skuli moja ya ukanda wa mashariki, huko kwenye mwani na mahoteli. Mada ilikuwa uchafuzi wa bahari. Nikachora meli ubaoni, nikachora mafuta yanavuja, nikaorodhesha athari: samaki hufa, mikoko hunyauka, watalii hawaji. Kijana mmoja wa nyuma akanyanyua mkono. "Mwalimu, na hayo mafuta nani anakuja kuyatoa?" Nikamjibu, serikali. "Ina nini cha kuyatolea?" Darasa likacheka. Na mimi nikacheka nao, lakini kengele ilipolia nilikuwa sina jibu.

Nimelitafuta tangu siku ile. Ukisoma mipango ya dharura ya kampuni kubwa za mafuta, jibu lao mara nyingi ni sentensi fupi: kampuni yetu ni mwanachama wa OSRL. Sentensi hiyo inatuliza sana. Mtu anaisoma, anatikisa kichwa, anafungua ukurasa unaofuata. Mimi nataka tusimame hapo hapo, kwa sababu neno "mwanachama" limebeba mambo mengi na sisi wa visiwani linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na tunachokijua. Mitaani kwetu kuna vyombo vya shughuli. Watu wanachanga kidogo kidogo, wananunua masufuria makubwa, majamvi, maturubai, sahani. Vinawekwa kwa mtu mwaminifu. Ukifikwa na msiba au ukiwa na harusi, unakwenda kuchukua. Hakuna nyumba yenye akili itakayonunua sufuria la kupikia watu mia tatu kwa ajili ya siku moja katika miaka kumi. Ndiyo maana tunachangia.

OSRL, yaani Oil Spill Response Limited, ni vyombo vya shughuli vya kampuni za mafuta. Makao yake yako Southampton, Uingereza, na ilianza miaka ya 1980. Inamilikiwa na kampuni za mafuta zenyewe. BP, Shell, ExxonMobil na TotalEnergies zimo. Kila mwanachama hulipa ada ya mwaka kulingana na ukubwa wa shughuli zake, hata kama mwaka mzima halikumwagika tone. Kwa ada hiyo kuna watu wanaokesha kwenye simu saa 24, na kuna maghala Southampton, Singapore, Bahrain na Fort Lauderdale kule Marekani. Ndani yake mna nyuzio za kuelea za kuzuia mafuta yasisambae, mashine za kuyakwangua juu ya maji, pampu, matangi ya kukunjwa, na dawa za kuyatawanya zinazomwagwa kwa ndege. Saldanha Bay, Afrika Kusini, kumewekwa dude kubwa la chuma la kuziba kisima kilichopasuka chini ya bahari. Hakuna kampuni moja ambayo ingependa kununua yote hayo na kuyaacha yapate kutu.

Fikra hii ya kuchangiana ilikuja baada ya kuumia. Mwezi Machi 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, na mafuta ghafi takriban tani 119,000. Hakuna aliyekuwa amejiandaa. Ilifika hadi ndege za jeshi kuipiga meli mabomu ili mafuta yaungue. Mwaka 1989 ikafuata Exxon Valdez huko Alaska, na mwaka uliofuata ukapitishwa mkataba wa kimataifa wa kujiandaa na kushirikiana, unaoitwa OPRC 1990.

Sasa masharti ya uanachama, na hapa ndipo penye utamu. Mwanachama akipata ajali ana haki ya kuchukua hadi nusu ya vifaa vilivyopo ghalani wakati ule. Nusu ya vilivyopo, si nusu ya vyote. Tuseme ghala lina nyuzio 100. Wa kwanza kupiga simu atapata hadi 50. Mwengine akipata ajali wiki hiyo hiyo, zimebaki 50, kwa hiyo haki yake ni 25. Ni kama harusi mbili siku moja mtaa mmoja. Wa pili atapika kwa awamu. Asiyekuwa mwanachama anaweza kusaidiwa, lakini kwa hiari yao na kwa bei nyengine. Na uanachama si bima. Ada ni ya kuwa na haki ya kuita. Vifaa na wataalamu wakitoka, mwanachama analipia siku zao.

Kuna jambo dogo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Simu hapigi yeyote tu. Mwanachama huwasilisha mapema majina ya watu walioruhusiwa kuita, na kabla vifaa havijatoka mmoja wao anatia saini fomu ya kuidhinisha. Kwa hiyo sheha wa Matemwe akiona bahari imegeuka nyeusi, hana pa kupiga. Uanachama ni wa kampuni. Si wa pwani wala wa nchi.

Wataalamu wanagawa maandalizi kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni vifaa vilivyopo pale pale bandarini au kwenye ghala la mafuta. Ya pili ni majirani wanaosaidiana ndani ya nchi au eneo. Ya tatu ndiyo hawa wa kuruka na ndege. Wenzetu wa Mombasa wana mfano wa ngazi ya pili, kikundi cha kusaidiana cha kampuni za mafuta pamoja na bandari, OSMAG kwa kifupi. Walikuwa na sababu. Mwaka 1988 tangi moja la mafuta lilitoboka na kiasi cha tani 5,000 zikaingia Makupa na kuua mikoko. Mwaka 2005 meli ya mafuta Ratna Shalini ikatoboka katika bandari hiyo hiyo. Mombasa hawakuhitaji kuhadithiwa na Southampton.

Na sisi? Ukipanda gari ya Bububu, pale Mtoni utaona matangi ya mafuta jirani kabisa na magofu ya kasri alilozaliwa Sayyida Salme. Zanzibar haina kisima wala kiwanda cha kusafisha mafuta, kila lita ya petroli inayowekwa kwenye bodaboda na boti imekuja kwa meli. Hiyo ni hatari ya kila siku na hatuioni kwa sababu tumeizoea. Zipo mbili nyengine zinazokuja. Moja ni utafutaji. Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ilisaini mkataba na RAK Gas kwa ajili ya kitalu cha Pemba na Zanzibar, na mwaka 2024 vitalu vyengine vya baharini vikanadiwa. Ya pili iko ng'ambo ya mkondo wa Pemba: Chongoleani, Tanga, ambako bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia. Likianza kazi, meli kubwa zitakuja kupakia mafuta ghafi, na kisiwa kilicho mbele yao ni Pemba.

TotalEnergies ndiyo yenye hisa nyingi zaidi katika bomba hilo, na ni mwanachama wa OSRL. Kwa hiyo tumo salama? Hapa naomba tufanye hesabu pamoja, kama darasani.

Mafuta juu ya maji husafiri kwa kanuni nyepesi: hufuata mkondo kwa kasi yake yote, na upepo huyasukuma kwa takriban asilimia 3 ya kasi yake. Tuseme ni wakati wa kusi, upepo kilomita 30 kwa saa. Asilimia 3 yake ni 0.9. Tuseme mkondo ni kilomita 4 kwa saa na unaelekea huko huko, na kwetu mkondo wa pwani huelekea kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi ukiwa na kasi zaidi. Jumla ni 4.9. Kwa saa 24 mafuta yamekwenda karibu kilomita 118. Kisiwa cha Unguja chote, Nungwi hadi Makunduchi, ni kama kilomita 85.

Ndege kutoka Bahrain hadi hapa ni kama saa tano. Lakini kabla yake kuna kutia saini fomu, kutafuta ndege ya mizigo, kupakia. Baada yake kuna forodha, vibali vya wageni kufanya kazi, malori ya kutoka uwanja wa ndege, boti za kuvutia nyuzio. Sitaki kuwa mchungu, lakini sote tunajua kutoa mzigo mmoja bandarini kunavyokuwa. Ikiwa kibali hakijaandaliwa kabla ya ajali, ghala la Bahrain linaweza kuwa hapa kwa siku ya pili na vifaa vikawa bado vimekaa kwenye pallet.

Kisha aina ya mafuta. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Ndiyo maana bomba linapashwa moto, kwani yakipoa huganda. Bahari yetu ina nyuzi joto ishirini na kitu hadi thelathini, yatakapomwagika yatashikana mabonge. Dawa ya kutawanya, ile ya kumwagwa kwa ndege ambayo picha zake zinapendeza kwenye vipeperushi, haifanyi kazi vizuri kwenye mafuta yaliyoganda. Na hata kwa mafuta mepesi haifai kumwagwa kwenye maji madogo juu ya matumbawe, mikoko na mashamba ya mwani. Ondoa Chwaka, ondoa Paje na Jambiani, ondoa Menai, halafu niambie imebaki wapi.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Mauritius. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio, mali ya kampuni ya Japani, ilipanda matumbawe Pointe d'Esny. Haikuwa meli ya mafuta. Ilikuwa ya mizigo, tena tupu, lakini kwenye matangi yake ilibeba karibu tani 4,000 za mafuta ya kuendeshea injini. Zilipita siku kumi na mbili. Tarehe 6 Agosti ikaanza kuvuja, na takriban tani 1,000 zikaingia kwenye rasi. Watu wa kawaida ndio walioingia majini na magunia waliyoyashindilia majani makavu ya miwa, wakayashona yawe uzio. Ufaransa ikaleta vifaa kutoka Réunion. Kampuni za kusafisha zilikuja baadaye.

Kwa nini nasisitiza haikuwa meli ya mafuta? Kwa sababu upo mfuko wa kimataifa wa fidia, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unaochangiwa na wanaopokea zaidi ya tani 150,000 za mafuta kwa mwaka. Lakini unalipa kwa ajali za meli za mafuta tu. Kwa Wakashio haukulipa. Mauritius ilibaki na bima ya mwenye meli, ambayo nayo ni chama cha kuchangiana cha wenye meli, na bima hiyo ina kikomo. Sasa hesabu meli za mizigo zinazopita mashariki ya Unguja usiku na mchana. Hazina uanachama OSRL, na hazijui hata jina la kijiji wanachokiona kwa mbali.

Kwa hiyo mimi siupingi uanachama. Nadhani Zanzibar ingekuwa ya kijinga kutoa leseni ya kuchimba bila kuudai kwa maandishi. Ninachopinga ni kuutumia kama jibu la mwisho. Kampuni ikija kwenye mkutano wa wananchi ikasema sisi ni wanachama, waulizwe: mnaweza kuita kwa niaba yetu hata kama mafuta si yenu? Nani kwa jina ana haki ya kusaini, na akiwa safarini je? Mmekubaliana nini na forodha? Na ngazi ya kwanza na ya pili ziko wapi, ziko Malindi, Mkoani, au ziko kwenye karatasi? Mamlaka ya Usafiri Baharini na ZPRA wanaweza kuyaweka haya kuwa masharti. Kampuni tatu nne zinazoleta mafuta Unguja zingeweza kuanzisha kikundi chao wenyewe kama cha Mombasa, na wavuvi wenye boti wakafundishwa kuvuta uzio na kulipwa siku ya mazoezi. Naona hilo ni la bei nafuu kuliko yote na ndilo linaloachwa. Septemba 2011 Spice Islander ilipozama, boti za wavuvi zilikuwa zinatoa watu majini kabla wataalamu wa nje hawajapanda ndege.

Wiki ya mwisho ya mazoezi nilirudi kwa kidato cha pili na jibu langu. Niliwaeleza vyombo vya shughuli, nusu kwa nusu, na asilimia 3. Yule kijana akauliza tena, vifaa vikifika pungufu vitawekwa wapi kwanza. Nikawaambia hilo lina kazi yake, inaitwa ramani ya maeneo nyeti, na nikawapa karatasi wachore ya kijiji chao. Wakachora mlango wa maji unaotumiwa na ngalawa, vigingi vya mwani vya mama zao, kichaka cha mikoko wanakokamatia kaa, na mstari wa maji ya bamvua yanapofika juu kabisa. Mmoja aliweka mishale miwili, ya kusi na ya kaskazi, kwa rangi tofauti. Ninazo karatasi ishirini na saba kwenye bahasha chumbani, na bado natafuta ofisi ya kuzipeleka.