Somo la 14: Mota Ndogo ya Gari la Kuchezea

Bila shaka umepata kuona gari la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti. Mtoto husimama mbali, hubonyeza kitufe, na gari huenda mbele, hurudi nyuma au hukata kona. Tuseme kwamba unaishi Mkange, kaskazini mwa Bagamoyo, na mjomba wako amekuletea gari la namna hiyo kutoka Dar es Salaam. Umelichezea uwanjani kwa majuma kadhaa. Siku moja taa zake zinawaka, lakini magurudumu ya nyuma hayazunguki. Wenzako wanasema, "Limekufa, litupe." Je, ni kweli kwamba gari zima limekufa? Katika somo hili tutajifunza namna ya kuitambua sehemu iliyoharibika na namna ya kuibadili.

Sehemu za mota

Rimoti hutuma mawimbi ya redio. Kipokezi kilichomo ndani ya gari huyapokea mawimbi hayo na kuupitisha umeme wa betri hadi kwenye mota. Mota hugeuza nishati ya umeme kuwa mwendo. Katika magari mengi ya namna hii, mota moja huzungusha magurudumu ya nyuma, na nyingine hugeuza yale ya mbele.

Ukifungua mota iliyoharibika, utaona sehemu hizi:

1. Sumaku mbili zilizopinda, zilizobandikwa ndani ya ganda la chuma.
2. Rota, yaani sehemu inayozunguka. Ina koili tatu za waya mwembamba wa shaba.
3. Komuteta, yaani kipete cha shaba kwenye mhimili wa rota. Kipete hicho kimekatwa vipande vitatu.
4. Burashi mbili za shaba au kaboni. Hizi hugusa komuteta na kuupeleka umeme katika koili.

Jinsi mota inavyozunguka

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwanasayansi wa Denmark, aliona kwamba waya unaopitisha umeme huigeuza sindano ya dira. Mwaka 1821 Michael Faraday wa Uingereza aliufanya waya wenye umeme uzunguke kando ya sumaku. Mota yako hufuata kanuni hiyo hiyo. Umeme unapopita katika koili, koili huwa sumaku. Huvutwa upande mmoja na kusukumwa upande mwingine, na rota hugeuka. Kabla rota haijatulia, komuteta hubadili njia ya umeme, nayo husukumwa tena. Hivyo huendelea kuzunguka.

Kwa nini mota huharibika

Burashi husuguana na komuteta kila mara mota inapozunguka. Kwa hiyo hulika kidogo kidogo, kama chaki inavyolika ubaoni. Vumbi likiingia ndani, hulika upesi zaidi.

Sababu ya pili ni kukwama. Mota inayozunguka huzalisha umeme unaopinga ule wa betri. Gari likikwama mchangani, mota husimama na upinzani huo hutoweka. Umeme mwingi hupita katika koili, nazo huweza kuungua. Kwa hiyo, gari likikwama, acha kubonyeza kitufe mara moja.

Jaribio: Je, mota ni mbovu?

Vifaa: gari lililoharibika, betri moja ya volti 1.5, vipande viwili vya waya, bisibisi ndogo.

1. Weka betri mpya katika gari na katika rimoti. Lisipokwenda, endelea na hatua ya pili.
2. Toa betri zote. Fungua gari kwa bisibisi. Tazama kama kuna waya uliokatika au mchanga uliokwamisha gia.
3. Mwombe mwalimu au fundi wa redio atenganishe nyaya za mota. Andika katika daftari rangi ya kila waya na mahali ulipokuwa.
4. Unganisha mota na betri moja kwa vipande vya waya.
5. Geuza nyaya. Mota nzima itazunguka kinyume na mwanzo.

Mota ikizunguka vizuri, usiinunulie badala yake. Tafuta ubovu kwingine. Isipozunguka, geuza mhimili kidogo kwa vidole. Ikizunguka kwa shida na kusimama tena, huenda burashi au komuteta imelika. Isipozunguka kabisa, mota hiyo haifai tena.

Tahadhari: Usiunganishe kamwe mota au nyaya hizi na umeme wa nyumbani. Umeme huo huua.

Kuweka mota mpya

Nenda dukani na mota ya zamani mkononi. Mota mpya iwe na ukubwa ule ule, unene ule ule wa mhimili, na iwe ya volti zile zile. Gari lenye betri nne za volti 1.5 hupata volti 6. Mota ya volti 3 ikiwekwa humo, itazunguka kwa kasi kubwa, itapata moto na kufa mapema. Gia ndogo ya mhimili nayo iwe na meno sawa na ile ya kwanza.

Tazama pia kama mota ya zamani ina kapasita, yaani kidude kidogo kilichounganishwa kwenye ncha zake. Burashi hutoa cheche, na cheche hizo huvuruga mawimbi ya redio. Kapasita hupunguza uvurugaji huo. Fundi aihamishie kwenye mota mpya. La sivyo gari huenda lisiitii rimoti vizuri.

Mwisho, fundi aunganishe nyaya kama ulivyoandika. Ukibonyeza "mbele" na gari likarudi nyuma, nyaya mbili za mota zimebadilishana nafasi. Zigeuzwe tu.

Maswali

1. Burashi zina kazi gani katika mota?
2. Kwa nini ni hatari kwa mota kuendelea kubonyeza kitufe gari likiwa limekwama?
3. Taja mambo matatu ya kuangalia unapochagua mota mpya.
4. Mwenzako ametupa gari lake bila kulipima. Mweleze, hatua kwa hatua, angefanya nini kwanza.