Mti Huu Ni wa Nani?

Mgeni apitaye hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, wakati wa kiangazi, huliona vumbi akadhani nchi hii ilizaliwa kame. Sivyo. Upara wake ulifanywa na watu, tena kwa amri. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ili kuangamiza mbung'o. Kisha pamba, zao la fedha, ikadai mashamba mapya, na ng'ombe wakabanana katika malisho yaliyosalia.

Hata hivyo Wasukuma walikuwa na dawa yao, nayo ni ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa masika, majani yakue, ndipo mifugo iingizwe kiangazi kikikaza. Avunjaye mwiko alihukumiwa na dagashida, akalipa faini. Wala hapakuhitajika karani. Lakini watu walipohamishiwa katika vijiji, miaka ya 1974 na 1975, wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Twasema bila chuki: siasa ile ilitaka kusogeza shule na zahanati karibu na watu, ila juu ya nyasi haikuwauliza wafugaji.

Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, kwa msaada wa Norway. Nao haukushinda kwa miche peke yake. Ulishinda ulipoikubali ngitili irudi mikononi mwa kaya na vijiji. Hekta zipatazo 600 zilizojulikana mwaka ule zilipita 300,000 mwanzoni mwa karne hii, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zikawa karibu, na akina mama wakapumzika miguu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya Misitu ya 2002 zikakipa kijiji haki ya kutenga msitu wake.

Lakini twaelekea Geita, penye dhahabu, na hapo neno ni jingine. Mti ulio juu waweza kuwa wa kijiji. Jiwe lililo chini, kwa sheria, limo katika dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi wote, na leseni yake haitolewi na mkutano wa kijiji. Mchimbaji mdogo naye hutaka magogo ya kuzuia shimo lisiporomoke, tena huacha zebaki mtoni. Je, tumlaumu yeye peke yake, hali bei ya dhahabu hupangwa ng'ambo?

Basi wazazi, mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, ulizeni: ngitili yetu imeandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi? Ile isiyoandikwa huingia shaurini mikono mitupu.