Maji ya kunywa: tumia jua
Ndugu mfugaji, lambo wanamonywa ng'ombe lina kinyesi, na watoto wetu hunywa humo humo. Kuni za kuchemshia kila siku ni shida. Jua linasaidia: miale yake ya urujuanimno huua vijidudu vya kuhara. Kwa Wamaasai wa Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 1996 ulionyesha watoto waliokunywa maji yaliyoanikwa waliharisha kidogo kuliko wenzao ambao chupa zao zilikaa ndani.

Tafuta chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, ya lita 1 au 2, isiyo na rangi. Dumu la njano halifai. Maji ya tope yaache yatuame, kisha uyachuje kwa kitambaa. Simamisha chupa juu ya gazeti, chungulia kutoka mdomoni. Usipoona herufi kubwa, chuja tena. Ilaze juu ya bati tangu saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kukiwa na mawingu, siku 2. Masika mvua isipokatika, chemsha tu.

Kunywa kutoka chupa hiyo hiyo. Chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kuogeshea mifugo usiitumie kamwe, hata ukiiosha mara kumi. Jua haliondoi sumu.