Injekta na Kabureta: Je, Yafaa Kubadilisha?

Mwenye gari lililokataa kuwaka hapa kisiwani Mafia huweza kupewa shauri hili: "Ng'oa injekta zote, tia kabureta, nawe utapumzika." Shauri hilo lina maana yake. Hewa ya chumvi hula viungo vya nyaya. Kompyuta ya injini ikifa, nyingine huna budi kuiagiza ng'ambo, Dar es Salaam. Tena mafundi wetu wameizoea kabureta, kwa kuwa pikipiki nyingi na mashine nyingi za boti zinayo hata leo. Lakini kazi hii ikifanywa nusunusu, gari huweza kushika moto likiwa na watu ndani. Basi yatupasa kwanza kuvielewa vyombo hivi viwili, ndipo tuamue.

Kazi yao ni moja

Petroli haiungui vizuri ndani ya silinda mpaka ichanganyike na hewa. Kwa kila kilo 1 ya petroli hutakiwa kilo 14.7 hivi za hewa. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi na plagi hupata masizi. Ikipungua mno, injini hupata joto kali, na pistoni huweza kutoboka. Kabureta na injekta, vyote viwili, kazi yao ni kupima mchanganyiko huo.

Kabureta hupimaje?

Wilhelm Maybach wa Ujerumani alitengeneza kabureta ya kunyunyiza mwaka 1893, na kanuni yake ni ile ile hata sasa. Ndani yake mna kibakuli cha petroli chenye boya. Petroli ikipanda, boya huinuka na kusukuma sindano izibe njia. Ikishuka, njia hufunguka. Kando ya kibakuli kuna koo jembamba. Pistoni inapovuta hewa, hewa hupita kooni kwa kasi, na msukumo wake hupungua. Ndipo hewa ya kawaida iliyo juu ya kibakuli huisukuma petroli ipite katika kitundu kidogo kiitwacho jeti, itoke kooni kama manyunyu. Kwa kupima huku hapatakiwi kompyuta.

Injekta hupimaje?

Hapa pampu ya umeme husukuma petroli kwa nguvu, na kwa kawaida kila silinda ina injekta yake, yaani mdomo mdogo unaofunguka kwa amri ya umeme. Sensa hupima hewa, joto na mwendo wa injini. Kompyuta hukokotoa injekta ifunguke kwa muda gani, nao ni sehemu chache tu za 1,000 za sekunde. Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mfumo wa umeme uitwao D-Jetronic mwaka 1967.

Palikuwa pia na injekta zisizotumia kompyuta. Peugeot 404 ambayo Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishindia East African Safari mwaka 1966 na 1967 ilikuwa na injekta za namna hiyo. Mwaka 1971 gari lililoshinda lilikuwa Datsun 240Z, lenye kabureta. Basi vyombo vyote viwili vimekwisha kuvumilia barabara zetu.

Mambo matatu, si moja

Wengi hudhani kubadilisha ni kufungua hiki na kufunga kile. Sivyo. Mambo matatu lazima yabadilike pamoja.

Kwanza, msukumo wa petroli. Pampu ya injekta husukuma kwa paundi 40 hivi kwa kila inchi ya mraba, kupita upepo wa tairi la gari dogo. Kabureta hutaka paundi 3 hadi 5 tu. Ukiiacha pampu ya zamani, sindano ya boya haitaweza kuziba, na petroli itafurika juu ya injini yenye moto. Hapo ndipo gari huungua. Lazima itiwe pampu ya nguvu ndogo. Ikiwa ni ya umeme, iwe na swichi ya kuizima mara injini inaposimama, hata gari likipinduka.

Pili, cheche. Kompyuta ile ile inayopima petroli, mara nyingi ndiyo huamua plagi itoe cheche wakati gani. Ukiiondoa, cheche nazo zimekwenda. Itakubidi upate distribyuta inayoweza yenyewe kuwahisha cheche mwendo unapozidi.

Tatu, njia ya hewa. Manifoldi ya injekta haikufanywa kubeba kabureta. Njia nyepesi ni kutafuta sehemu za injini iliyo ndugu yake. Toyota hutumia herufi E katika jina la injini yenye injekta za umeme: 1RZ-E ina injekta, 1RZ ina kabureta, 4A-FE ina injekta, 4A-F ina kabureta. Hata hivyo, matundu na boliti vipimwe kwanza.

Koo moja kwa kila silinda

Kuna njia nyingine wapendayo watu wa mbio: kila silinda kupewa koo lake lenye kipepeo chake cha kufungua hewa, na injekta zikabaki. Toyota yenyewe ilifanya hivyo mwaka 1991 katika injini ya 4A-GE yenye valvu 20. Injini huitika upesi mguu ukikanyaga. Lakini vipepeo vyote 4 lazima vifunguke sawasawa, kompyuta bado yatakiwa, na mvuto wa hewa unaosaidia breki huweza kupungua. Kwa gari la kuchukua abiria kutoka Bweni hadi Kilindoni, faida yake ni ndogo.

Kabla ya kung'oa

Mara nyingi ugonjwa ni mdogo kuliko dawa. Fuata utaratibu huu:

1. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Katika magari mengi pampu hunguruma kwa sekunde 2 hivi. Ikinyamaza, tazama fyuzi na rilei.
2. Tenga betri, kisha fungua viungo vya nyaya. Penye kutu ya kijani, safisha.
3. Kaza waya unaotoka betrini kwenda kwenye bodi.
4. Tazama kama chujio cha petroli kimeziba.
5. Pima cheche ya plagi.

Ikiwa yote hayo ni mazima, kompyuta imekufa kweli na nyingine haipatikani, na sehemu za injini ndugu zipo, basi badilisha. Lakini badilisha yote matatu. Fedha ikitosha jambo moja tu, usianze. Gari lililosimama uani halimdhuru mtu; gari linalovuja petroli huweza kumuunguza mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali Kilindoni.

Maswali

1. Lita 1 ya petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi. Itahitaji kilo ngapi za hewa?
2. Kwa nini boya la kabureta haliwezi kushindana na pampu ya injekta?
3. Kabureta iliyorekebishwa Kilindoni, karibu na usawa wa bahari, imepelekwa Mbeya, mita 1,700 hivi juu, ambako hewa ni nyepesi. Moshi utakuwaje? Eleza sababu.