Kamera ya simu imekataa kufunguka? Jaribu haya kabla ya kumpa fundi simu yako

Mwenzetu mmoja wa idara ya mauzo aliamka Jumatatu moja akapata kamera ya simu yake haifunguki. Akibonyeza, anaona giza tu. Siku hiyo alikuwa anahitaji kupiga selfi ya kuthibitisha akaunti, ili aweze kutuma karo ya mtoto. Akakimbia kwa fundi wa simu karibu na steji. Fundi akamwambia, "Niandikie PIN hapa kwa karatasi, nitesti, urudi baada ya saa moja." Akaandika, akaenda zake.

Alikuwa ndani ya matatu alipokumbuka kwamba PIN ya kufungua simu yake ndiyo hiyo hiyo PIN ya pesa. Na laini ilikuwa bado ndani ya simu.

Alishuka, akarudi mbio. Bahati nzuri hakuna shilingi iliyopotea, na fundi hakuwa na nia mbaya. Lakini kilichotuuma zaidi ni kwamba kamera haikuwa imeharibika hata kidogo. Mtoto wake alikuwa amecheza na simu usiku na kuzima swichi moja ndogo. Kuiwasha kunachukua sekunde mbili.

Ndiyo maana leo tunataka tupitie pamoja hatua za kufuata kamera ikigoma. Tutaanza na zile rahisi ambazo hazikugharimu chochote, na mwisho tutaona jinsi ya kwenda kwa fundi bila kuacha mlango wa akaunti yako wazi.

Kwanza kabisa: pesa zako hazijakwama

Watu wengi kamera ikikataa huingiwa na wasiwasi kwamba hawawezi kulipa. Tulia. Kamera ni njia moja tu ya kusoma namba. Ule msimbo wa QR unaouona umebandikwa kwa kaunta, kazi yake ni kukuepusha na kuandika maelezo ya muuzaji kwa mkono. Mwaka wa 2023 Benki Kuu ya Kenya ilizindua kiwango cha taifa cha misimbo hii, na tangu hapo unaiona sehemu nyingi. Lakini ukishindwa kuskani, muulize muuzaji namba yake ya till, iandike, kisha soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa si la duka hilo, usiendelee.

Pia kumbuka pesa zako haziko ndani ya simu. Ziko kwa akaunti yako. Simu ni kama ufunguo tu. Kamera ikifa, au hata simu yote ikizima, salio lako liko pale pale.

Hatua ya 1: Jua tatizo liko wapi

Kabla hujabonyeza chochote kingine, fanya majaribio mawili.

Jaribio la kwanza: funga programu ya malipo, halafu fungua kamera ya kawaida ya simu, ile ya kupigia picha. Ikifunguka vizuri, basi kamera yako ni nzima. Shida ni kwamba programu ya malipo haina ruhusa ya kuitumia. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 3.

Jaribio la pili: ukiwa ndani ya kamera, badilisha kutoka ya nyuma hadi ya mbele. Ikiwa moja inafanya kazi na nyingine inaonyesha giza, angalia kwanza kama kava au kioo cha kinga kimefunika lenzi. Kama hakuna kilichofunika, huenda hiyo moja imepata hitilafu ndani. Habari njema ni kwamba kama ya mbele inafanya kazi, selfi ya uthibitisho bado unaweza kuipiga leo.

Hatua ya 2: Zima, subiri, washa

Tunajua umeshasikia ushauri huu mara mia. Lakini una sababu yake. Kamera hutumiwa na programu moja kwa wakati. Kama ulikuwa kwa simu ya video ya WhatsApp na haikukatika vizuri, programu hiyo inaweza kuendelea kushikilia kamera na kuwanyima wengine. Ukizima simu kabisa na kuiwasha, kila programu inaachilia ilichoshika.

Kuna dalili moja ya kukusaidia. Kwa simu za Android toleo la 12 kwenda juu, kitone cha kijani hutokea juu ya skrini wakati kamera inatumika. Ukikiona na wewe hujafungua kamera, kuna programu nyingine inayoitumia. Dalili nyingine ni tochi: kwa simu nyingi, ukijaribu kuwasha tochi inakataa na kukuambia kamera inatumika.

Angalia pia joto na chaji. Simu iliyokaa kwa dashibodi ya gari juani, au iliyo kwa chaja huku unacheza gemu, inaweza kufunga kamera yenyewe ili ipoe. Iweke kivulini dakika kumi. Chaji ikiwa chini sana, chaji kwanza ndipo ujaribu tena.

Hatua ya 3: Angalia ruhusa

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulisahau. Programu yoyote inapotaka kamera kwa mara ya kwanza, simu inakuuliza kama unakubali. Ukiwa na haraka, unabonyeza "Usiruhusu" bila kusoma. Kuanzia Android 11, ukikataa mara mbili, simu haitakuuliza tena. Wewe unaona kamera imekufa, kumbe ni simu inayotii ulichoiambia.

Kuna sababu nyingine: programu ambayo hujaifungua kwa miezi kadhaa inaweza kunyang'anywa ruhusa zake na simu yenyewe, kwa usalama wako.

Kurekebisha, fungua Mipangilio (alama ya gurudumu lenye meno), ingia Programu, chagua programu unayotaka, kisha Ruhusa, halafu Kamera. Chagua "Ruhusu wakati unatumia programu". Hiyo inatosha. Kwa iPhone, ingia Mipangilio, kisha sehemu ya Faragha na Usalama, halafu Kamera, na uwashe swichi mbele ya jina la programu.

Hatua ya 4: Ile swichi iliyomsumbua mwenzetu

Kwa simu nyingi za Android 12 kwenda juu kuna swichi inayozima kamera kwa programu zote kwa pamoja. Telezesha kidole kutoka juu ya skrini kwenda chini, mara mbili, mpaka uone vitufe vya Wi-Fi, bluetooth na tochi. Tafuta kinachosema Ufikiaji wa Kamera. Kikiwa kimezimwa, kila programu inayofungua kamera inapata giza. Usipokiona hapo, angalia Mipangilio, sehemu ya Faragha.

Kama simu yako ni ya kazini, muulize pia mtu wa kompyuta ofisini. Mwajiri anaweza kufunga kamera kwa simu zake, na hapo hakuna hatua yetu itakayoifungua.

Hatua ya 5: Safisha

Kama bado, angalia nafasi. Simu iliyojaa video za magrupu ya WhatsApp hukosa mahali pa kuweka picha mpya, na kamera inaweza kufunguka na kujifunga papo hapo. Futa usichohitaji.

Halafu rudi Mipangilio, Programu, chagua Kamera. Bonyeza "Lazimisha kusimama", kisha ingia sehemu ya hifadhi na ubonyeze "Futa akiba". Akiba hapa si pesa! Ni mabaki ya kazi ambayo programu hujiwekea, na wakati mwingine huharibika. Kuyafuta hakugusi picha zako.

Angalia pia kama kuna masasisho ya simu au ya programu yanayokungoja. Yafanye ukiwa na Wi-Fi na chaji ya kutosha.

Hatua ya 6: Jaribu hali salama

Hali salama huwasha simu ikiwa na zile programu ilizotoka nazo kiwandani pekee. Kwa simu nyingi za Android, shikilia kitufe cha kuwasha, kisha bonyeza na ushikilie neno "Zima" kwenye skrini mpaka uulizwe kuhusu hali salama. Kubali.

Usishtuke ukikosa kuona programu yako ya malipo hapo. Itarudi ukizima na kuwasha simu kawaida.

Sasa fungua kamera. Ikifanya kazi, umeshapata jibu: kuna programu uliyoipakua inayoizuia. Rudi hali ya kawaida na uondoe zile za karibuni, moja baada ya nyingine. Anza na zile ulizopakua kupitia kiungo ulichotumiwa, nje ya duka rasmi la programu. Programu ya namna hiyo inayotaka kamera, jumbe na namba za watu wako wote si ya kuiacha kwa simu inayobeba pesa.

Na ile hatua ya kufuta simu yote?

Kuna watakaokushauri urudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Iache iwe ya mwisho kabisa. Inafuta kila kitu, kwa hivyo hifadhi nakala ya picha na namba zako kwanza. Hakikisha pia unakumbuka neno la siri la akaunti yako ya Google, kwa sababu simu itakuuliza ikiwaka upya. Usipolijua, utakuwa umegeuza shida ya kamera kuwa shida ya simu nzima.

Ikibidi uende kwa fundi

Kama simu ilianguka, iliingia maji, au umejaribu yote bila mafanikio, basi huenda kifaa chenyewe kimeharibika. Kama bado iko ndani ya warranti, nenda kituo cha huduma cha kampuni iliyotengeneza simu. Kama sivyo, fundi wa mtaani mwenye sifa nzuri anaweza kukusaidia. Lakini fanya haya kwanza:

• Toa laini yako na ubaki nayo. Kamera haihitaji laini ili kufanya kazi. Fundi anaweza kuitesti bila hiyo.
• Toka kwenye programu za pesa, au ziondoe kabisa. Utazipakua tena baadaye.
• Badilisha PIN ya kufungua simu iwe ya muda, isiyofanana na PIN ya pesa. Ukirudi, ibadilishe tena.
• Kama inawezekana, ngoja hapo hapo. Baadhi ya simu mpya, kwa mfano za Samsung, zina hali ya matengenezo inayoficha vitu vyako wakati fundi anafanya kazi. Iwashe kama unayo.
• Usimpe mtu yeyote PIN ya pesa. Hakuna kamera duniani inayotengenezwa kwa PIN ya pesa.

Tunarudia hili la PIN kwa sababu wengi wetu tuna tarakimu nne tunazozipenda na tunazitumia kila mahali. Kama PIN ya kufungua simu yako ndiyo PIN ya pesa, badilisha moja leo. Ukimpa mtoto simu achezee, ukimpa rafiki apige simu, au ukimwachia fundi, utakuwa umempa kufuli moja tu badala ya zote mbili.

Selfi ya uthibitisho haiwezi kungoja?

Usimtumie mtu picha ya kitambulisho chako kwa WhatsApp ati akusaidie kuthibitisha. Usikubali anayekupigia na kusema amesikia kamera yako ina shida, kisha akuombe upakue programu ya kumwezesha kuona skrini yako. Na usiingie akaunti yako kwa simu ya mtu mwingine ukaiacha wazi. Njia salama ni kubeba kitambulisho chako halisi na kufika wewe mwenyewe kwenye kituo cha huduma kwa wateja, mueleze kwamba kamera imegoma.

Na mwenzetu? Karo aliituma jioni hiyo hiyo, baada ya kuwasha swichi na kupiga selfi yake. Sasa ana PIN mbili tofauti, na mtoto anapewa simu ya zamani achezee. Wewe je, zako ni ngapi? Hilo unaweza kulirekebisha sasa hivi, hata kama kamera yako iko sawa.