Maskini wa Mashamba Aende Wapi kwa Mkopo?



Siku moja tulipokuwa tukisoma mlango wa riba, mkulima mmoja, mtu mzima, alisimama akasema: "Shekhe, uharamu wake nimeufahamu. Lakini mvua imekaribia na mbegu sina. Mwenye duka yu tayari kunikopesha kwa ziada. Ukinikataza huyo, basi niende wapi?" Nikamwambia asubiri. Akajibu: "Mvua haisubiri." Sikuwa na neno la kumrudishia. Darsa hii ya leo naiandika kwa sababu ya swali lake.

Kwanza tufahamu kwa nini benki haimfikii mtu kama huyu. Benki hutaka rehani, na wengi katika watu wa pwani yetu hulima ardhi wasiyokuwa na hati yake. Tena, kazi ya kuandika mkopo wa shilingi 5,000 haipungui sana kazi ya kuandika ule wa shilingi 500,000, kwa hivyo mkopeshaji humpendelea mkubwa. Na la tatu, mwenye mshahara hupata kila mwezi, lakini mkulima hupata wakati wa mavuno. Anayemdai kila juma humdai mbegu ingali ardhini.

Aliyefungiwa mlango huo huingia kwa dirisha. Mmoja hupokea pesa za mazao yangali machanga juu ya mti, kwa bei ndogo, na Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kukomaa kwake. Mwingine hukopa kwa simu. Tangu mwaka 2007 simu imewafikishia pesa watu wa Kenya hata vijijini, na hiyo ni neema isiyokanika. Lakini mikopo ya simu ilipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Kwa shilingi 1,000 hiyo ni shilingi 75, na mtu huiona ndogo. Akikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 900, na elfu ile ile bado ni deni juu yake.

Je, hakuna njia nyingine? Natutazame mji wa Mit Ghamr, katika mashamba ya pamba ya Misri, kwenye delta ya Nili. Mwaka 1963 Dakta Ahmad al-Najjar, aliyekuwa amesoma ilimu ya uchumi Ujerumani, alifungua hapo benki ya akiba. Alikuwa ameziona benki ndogo za akiba za Wajerumani, zilizokusanya pesa za watu wa mji na kuzitumia katika mji huo huo. Akauchukua mpango wao, akaiacha riba.

Benki yake ilikuwa na mafungu matatu. La kwanza ni akiba: mtu huweka hata kidogo alicho nacho, huchukua anapotaka, na mwenye kuweka akiba aweza kupewa mkopo mdogo wa kazi, usio na ziada. La pili ni la biashara: wenye mali hushirikiana na benki katika faida na hasara. La tatu ni mfuko wa zaka, kwa waliofikwa na shida. Wakulima waliokuwa wakificha pesa nyumbani wakaziamini mikononi mwa watu wanaowajua, na kufikia mwaka 1967 zilikuwapo benki tisa za namna hiyo. Mwaka huo serikali ikazikomesha, na kazi zake zikatiwa chini ya benki zinazokwenda kwa riba. Lakini haikuwa kwa kukosa watu, na mwaka 1971 serikali ya Misri iliunda benki nyingine ya jamii isiyotoza riba.

Katika khabari hii tuchukue mafunzo manne.

Kwanza, maskini aanze kwa kuweka kabla ya kukopa. Akiba yake ndiyo rehani yake, na haba na haba hujaza kibaba.

Pili, deni liandikwe na lishuhudiwe, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya Baqara, aya ya 282. Kuandika si kumdhania mtu ubaya, bali ni kuulinda udugu.

Tatu, muda wa kulipa ufuate mavuno. Na aliyeunguliwa na jua shamba lake apewe muhula, kwa mujibu wa aya ya 280 ya sura hiyo. Akishindwa kabisa, wadaiwa ni miongoni mwa watu wanane waliotajwa kupewa zaka.

Nne, mwenye uwezo asifanye dhihaka. Dawa ya deni ni kulipa. Anayesema "hizi ni pesa za msikiti" akakaa nazo, amemnyima mbegu jirani yake wa mwakani.

Enyi wenzangu mashekhe, tumehutubu sana juu ya riba, na ni haki tuhutubu. Lakini anayemwambia mwenye kiu asinywe maji ya kisima kichafu, naachimbe kisima safi. Kila msikiti una watu ishirini wanaojuana. Nawaandikishe kikundi chao serikalini, wachague mweka hazina na mwandishi, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi. Wenye mali watoe gharama za daftari, ili mkopaji asitozwe ziada.

Sisi hapa tumekwisha kuanza sanduku letu. Ni dogo, lakini mvua ya mwakani ikikaribia, tunataraji yule mzee akiuliza tena aende wapi, tuwe na mahali pa kumwonyesha.

Na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu.